Beringi za Spuli: Kuosha au Kubadilisha?

Rili ya beitikasta ikianza kupiga mluzi kila chambo kinaporushwa, ushauri huja wa namna mbili, na kila upande una uhakika wake. Wa kwanza watakwambia fungua, osha beringi, tia tone la mafuta, rudi majini. Wa pili watakwambia usijisumbue: toa zile za kiwandani, weka za kauri, halafu uone chambo kitakavyokwenda. Ubishi huu umedumu miaka, na mara nyingi huendeshwa kama vile ni wa imani, huyu muumini wa asetoni na yule muumini wa kauri. Mimi naona ni jambo la kuamuliwa kwa ushahidi, na ushahidi wenyewe umo ndani ya kidude chenye upana wa sentimita moja. Msimamo wangu nautaja mapema: beringi nyingi zinazotupwa zilihitaji kuoshwa tu, na nyingi zinazooshwa mara ya tatu na ya nne zilipaswa kutupwa tangu ile ya kwanza. Kinachorukwa katikati ni uchunguzi.

Rili hii kwetu Afrika Mashariki si ya kila mtu. Mvuvi wa kawaida wa pwani bado anashika mshipi kwa mkono, na kati ya wanaotumia fimbo wengi wana rili ya spining, ambayo spuli yake imetulia na mshipi unachomoka kwa mbele. Beitikasta utaikuta kwa wachache: wanaofuata sangara Ziwa Victoria au chini ya maporomoko ya Murchison kule Uganda, na wanaorusha chambo bandia kandokando ya mikoko wakitafuta kolekole na chewa. Tofauti yake ni kwamba hapa spuli yenyewe inazunguka. Chambo kikiruka kinavuta mshipi, mshipi unaikokota spuli, na spuli ikishapata kasi haina habari kwamba chambo kimeanza kupunguza mwendo. Ikizidi, mshipi unafura, unajikunja juu ya spuli, na wewe unabaki na tata la kufungua kwa kucha huku wenzako wanavua.

Kasi yenyewe si ya mchezo. Chukua chambo kinachoiacha ncha ya fimbo kwa mita 25 kwa sekunde, na spuli iliyojaa mshipi yenye kipenyo cha milimita 34. Kila mzunguko unatoa mshipi wa sentimita 10.7 hivi, kwa hiyo spuli inalazimika kuzunguka kama mara 234 kwa sekunde, yaani mara 14,000 kwa dakika. Injini ya gari dogo likitembea barabara kuu kwa kawaida haifiki theluthi ya hapo. Sasa angalia kazi ya kurudisha mshipi: ukizungusha kishikio mara mbili kwa sekunde kwenye rili yenye gia ya 6.3 kwa 1, spuli inakwenda kama mara 750 tu kwa dakika, lakini safari hii inaweza kuwa imebeba samaki. Beringi ni zile zile, kazi ni mbili. Katika kurusha zinatakiwa ziwe nyepesi. Samaki akishika zinatakiwa zistahimili mzigo. Mabishano mengi kuhusu mafuta gani na beringi gani hutokana na mtu kuifikiria kazi moja akaisahau nyingine.

Beringi zenyewe ni ngapi? Boksi linaweza kuandikwa 10+1, na muuzaji akakusomea kwa fahari. Ukiifungua rili utakuta nne zimo kwenye vile vishikio viwili vya vidole, nyingine ziko kwenye shafti ya gia kubwa, nyingine kwenye parafujo ndefu inayompeleka kushoto na kulia mgawanya mshipi, na ile "+1" haina gololi kabisa: ni ya rola, kazi yake kuzuia kishikio kisirudi nyuma. Spuli inategemea mbili, mara nyingine tatu. Moja inakaa kwenye ubavu usio na kishikio. Nyingine iko upande wa kishikio, ama chini ya ile kofia ya kukazia spuli, ama juu ya shafti ya spuli yenyewe, imezuiwa na pini nyembamba iliyopenya katikati ya shafti. Hizo ndizo zinazoamua urushaji. Za kwenye gia unaweza kuzipaka grisi ukazisahau msimu mzima. Ile ya rola usiitie grisi, itateleza siku unayoihitaji.

Kwamba suala hili lina harufu ya ufundi saa si jambo la kushangaza, kwa sababu waliozianzisha rili hizi walikuwa mafundi saa. Kule Marekani kazi hii hutajwa kuanzia kwa George Snyder, fundi saa wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 19, na ndugu wa ukoo wa Meek wakaiendeleza katika jimbo hilo hilo. Sweden, kampuni ya ABU ya Svängsta ilianzishwa mwaka 1921 na Carl August Borgström ikitengeneza saa, kisha mita za teksi, kabla ya kuhamia kwenye rili. Ambassadeur 5000 yao ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1950 spuli yake ilikuwa inazunguka juu ya bushi. Beringi za gololi zilikuja na toleo la 5000C. Wapo watu hadi leo wanaorusha kwa zile za bushi na wanakula samaki. Nawakumbuka hao kila ninaposoma kwamba bila kauri mtu hawezi kurusha.

Turudi kwenye ugonjwa. Uchafu ndio unaoonekana zaidi, na ndio wenye dawa. Mafuta ya zamani yanaganda kama gundi. Vumbi na mchanga laini hupenya kwenye mwanya kati ya kifuniko cha beringi na ringi ya ndani. Hata rili mpya inaweza kutoka boksini ikiwa na mafuta mazito, ambayo kiwanda kiliyaweka ili kutu isiingie ghalani na melini; mnunuzi anadhani amepata rili mbovu, kumbe haijawahi kuoshwa tu. Yote haya yanatoka kwa kuosha, na beringi inarudi kama ilivyokuwa.

Chumvi ni habari nyingine. Chuma cha pua kinachotumika sana katika beringi hizi huitwa 440C. Kina kromiamu asilimia 16 hadi 18, na mtu akisikia hivyo anajua amemaliza kazi na kutu. Lakini kina pia kaboni karibu asilimia 1, iliyowekwa makusudi ili kiwe kigumu cha kubeba gololi, na kaboni hiyo inajifungia sehemu ya kromiamu isiweze tena kulinda uso. Kwa hiyo kijiko cha jikoni kinaweza kulala kwenye maji ya chumvi kikaamka salama, na beringi iliyoandikwa chuma cha pua ikatoka baharini Jumapili na kufikia Jumatano ina doa la kahawia. Doa likiachwa linachimba. Kishimo chenyewe huwezi kukiona bila kioo cha kukuza, lakini gololi inakipita mara maelfu katika mrusho mmoja, na kila ikipita inagonga ukingo wake. Ukingo unamomonyoka, unga wa chuma unaingia kwenye mafuta, mafuta yanageuka kuwa msasa. Kampuni za Japani zinalifahamu tatizo hili vizuri: Shimano wana beringi wanazoziita A-RB na Daiwa wana CRBB, zote zikiuzwa kwa sifa ya kustahimili kutu. Na kweli zinastahimili zaidi. Hazijapewa kinga ya milele.

Njia ya tatu ya kuiua beringi ni mkono wa mwenyewe. Beringi ya ukubwa huu, ikiwa imesimama, uwezo wake wa kubeba haufiki hata uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50, na nyundo ndogo ya fundi inapita hapo bila jasho. Mtu anataka kuiingiza kwenye shafti ya spuli, inakataa, anaweka bisibisi juu ya ringi ya nje na kugonga. Ringi ya nje inasukumwa, ringi ya ndani imekwama kwenye shafti, na nguvu yote inapita kwenye gololi ambazo zinaacha alama kwenye njia zao. Beringi imekufa kabla ya kurusha hata mara moja, na aliyeiua atailaumu kampuni. Kanuni ya mafundi ni fupi: sukuma ringi ile iliyobana. Ikibana kwenye shafti, sukuma ya ndani. Ikibana kwenye kiti chake, sukuma ya nje.

Lakini kabla ya kuilaumu beringi, inafaa kuwachunguza washukiwa wengine, maana wapo na wana hatia mara nyingi. Kofia ya kukazia spuli ikikazwa sana inasukuma ncha ya shafti kwenye kijisahani kilicho ndani yake, na spuli inazunguka kama ina homa. Kijisahani hicho chenyewe kikichimbika, spuli inasuasua hata kofia ikilegezwa. Mgawanya mshipi mkavu hulia kwa sauti ambayo wengi huichukulia kuwa ya beringi. Tofauti ni kwamba mgawanya mshipi hulia zaidi unapozungusha kishikio. Mluzi unaosikika wakati wa kurusha peke yake, na unaopanda kadiri unavyotupa kwa nguvu, huo ndio wa beringi ya spuli, na kwa kawaida maana yake ni moja: imekauka. Mkwaruzo mzito, wa chini, unaousikia hata ukiigusa spuli taratibu kwa kidole gumba, una maana nyingine.

Jambo moja naliomba liachwe kabisa katika uchunguzi: kupima rili kwa saa. Mtu anatoa mshipi wote, anaipiga spuli kwa kidole, anahesabu sekunde hadi isimame, kisha anatamba. Spuli tupu isiyo na mzigo, isiyo na breki, yenye beringi zisizo na hata chembe ya mafuta, itazunguka muda mrefu sana. Lakini hali hiyo haitokei ziwani. Katika mrusho wa kweli, kinachoitawala spuli kwa sehemu kubwa ni uzito wa spuli na mshipi wake, breki, na hewa inayosukuma chambo na mshipi. Msuguano wa beringi safi ni fungu dogo katika hesabu hiyo. Saa inakupa namba kubwa ya kitu kidogo.

Uchunguzi wenye maana unafanyika baada ya kuosha, kwa hiyo kuosha ndiko kunakotangulia, hata kwa anayenuia kubadilisha. Kazi yenyewe si ngumu, inataka utulivu na mwanga. Ondoa ubavu wa rili, toa spuli. Beringi ya ubavuni imeshikwa na kijiwaya kilichopinda kama herufi C, ambacho kikichomoka kwa pupa kinaruka na hukioni tena maishani; mafundi waangalifu hufanyia kazi hii ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Ile iliyo kwenye shafti na pini yake ndiyo yenye mitihani. Kuna koleo maalumu la kusukumia pini hiyo, na asiye nalo, ambaye hana mkono mwepesi, ni bora aioshe beringi ikiwa mahali pake kuliko kuipinda shafti.

Beringi nyingi za spuli zina vifuniko viwili vyembamba vya bati, na kila kimoja kinashikiliwa na waya mwembamba sana, uliokaa katika mfereji wake ukizunguka ndani ya ringi ya nje. Ukiitazama kwa kioo cha kukuza utaiona ncha ya waya huo. Iingizie ncha ya sindano chini, inyanyue kuelekea katikati, waya unafunguka, kifuniko kinaanguka chenyewe. Sasa uko uso kwa uso na gololi zikiwa zimepangwa ndani ya kizimba chao, na kama beringi ilikuwa na uchafu utauona: ukoko wa kahawia umejaa pembe za kizimba, na mahali pengine punje ya mchanga imeketi kama mgeni aliyekaribishwa. Vifuniko vingine vimegandamizwa kiwandani na havina waya. Hivyo usivilazimishe, dawa ya kuoshea itapita pembeni. Vile vya mpira vibanduliwe kabla, kwa sababu asetoni inaufurisha mpira.

Dawa ya kuoshea ndiyo inayozua maswali mengi, na hapa maduka yetu yana mitego yake. Asetoni safi inafanya kazi vizuri kuliko karibu kila kitu: inayeyusha mafuta, inakauka bila kuacha kitu. Iweke kwenye chupa ndogo ya kioo yenye mfuniko, maana vikombe vingi vya plastiki inavila, na isiguse ubavu wa rili kwa sababu inabandua rangi. Lakini ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi imechanganywa na manukato na mafuta ya kulainisha ngozi, kwa hiyo unaosha mafuta kwa mafuta. Spiriti ya duka la dawa ina hila ya namna yake. Ile ya asilimia 70 ina maji karibu theluthi, na maji ndiyo uliyokuwa unayakimbia; nyingine zinatiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi. Tafuta ya asilimia 90 na zaidi. Mafuta ya taa yanang'oa ukoko mgumu, ila yanaacha utando, kwa hiyo yafae kwa maji ya kwanza, kisha asetoni au spiriti kali imalizie. Petroli inasafisha pia, na inalipua nyumba. Zote hizi zifanyiwe nje, mbali na jiko na sigara.

Tikisa chupa, iache robo saa, tikisa tena. Ikiwa dawa imegeuka rangi ya chai, mwaga na uweke nyingine hadi ibaki nyeupe. Toa beringi, ilaze kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, iache ikauke. Usiipulize kwa kompresa ya gereji: hewa ile inaizungusha kavu kwa kasi ya ajabu, na gololi zinakwaruza njia zao kabla hujasema lolote.

Hapo ndipo unaamua. Ivishe kwenye kijiti cha mshikaki, ishike wima, izungushe kwa kidole. Beringi kavu hulia hata ikiwa nzima, kwa hiyo sauti usiipe uzito. Sikiliza kwa vidole. Ikizunguka, ikapunguza mwendo taratibu na kufa yenyewe, pengine kwa kuyumba kidogo kurudi nyuma, hiyo nzima. Ikikwama ghafla, mahali pakibadilika kila ukijaribu, bado kuna punje ndani. Irudishe kwenye chupa. Ikikwama pale pale, na baada ya kuoshwa mara ya pili ikakwama pale pale tena, hicho ni kishimo au alama ya nyundo, na hakuna dawa duniani ya kujaza kishimo. Itupe siku hiyo hiyo, usiiweke akiba. Tahadhari moja: ringi ya ndani kuchezacheza kidogo ukiisukuma kwa pembeni si ugonjwa. Beringi za aina hii zimeundwa na nafasi hiyo, na nimeona zikilaumiwa bure kwa sababu yake.

Ikiwa nzima, inabaki mafuta, na mafuta ndiyo yanayoharibu kazi nzuri ya kuosha. Kipimo ni tone moja dogo kwa kila beringi, la kuwekwa kwa ncha ya sindano katikati ya gololi. Mafuta mepesi sana ya rili hufanya spuli iende kasi, lakini yanatoweka upesi, na anayeyatumia akubali kuyaongeza mara kwa mara. Mazito kidogo yanapunguza kasi kiasi cha kuonekana na mwenye vyambo vyepesi tu, yanatuliza kelele, na baharini yanalinda. Mafuta ya cherehani, yale ya kichupa chenye mdomo mrefu, yako katikati na yanafaa. Kwa mvuvi wa Mwanza au Kigoma sioni sababu ya kuagiza kitu kutoka ng'ambo. WD-40 isitegemewe kuwa ndiyo mafuta ya beringi hizi: iliundwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaijua. Grisi haina nafasi kwenye spuli ya kurusha.

Kosa la kuzidisha lina matokeo ambayo wachache huyaunganisha. Rili nyingi hutumia breki za vipande vidogo vya plastiki vinavyotupwa nje spuli inapozunguka, vikasugua ukuta wa duara ubavuni, na ukuta huo uko jirani kabisa na beringi. Kwa mizunguko 14,000 mafuta yaliyozidi hayakai. Yanarushwa, yanatua kwenye ukuta wa breki, vipande vinateleza, na mrusho unaofuata ni tata. Mvuvi anahitimisha kwamba beringi sasa zina kasi kupita kiasi. Anachopaswa kufanya ni kufuta ukuta kwa kitambaa. Mwenye breki za sumaku ana nafuu, maana sumaku haijali mafuta, lakini naye akaushe.

Tuseme sasa uchunguzi umekataa, na beringi lazima ibadilishwe. Habari njema, ambayo wauzaji wa vifaa vya uvuvi hawana haraka ya kuitangaza, ni kwamba beringi hizi ni za vipimo vya kawaida vya viwandani. Ukubwa unaokutana nao zaidi ni wenye tundu la milimita 3, upana wa nje milimita 10 na unene milimita 4, na duniani kote huo unaitwa 623. Mwingine ni wa 5 kwa 11 kwa 4, unaoitwa MR115. Vipimo vingine vipo, kwa hiyo pima kwa kalipa kabla ya kwenda dukani. Ukubwa wa 623 unatumika kwenye mota ndogo na kwenye mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, na inafaa kuuliza kwenye maduka ya vipuri Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi kabla ya kuagiza. Soma herufi: ZZ ni vifuniko vya bati, 2RS ni vya mpira, na hivyo vya mpira vinavyogusa ringi ya ndani vinaizuia spuli, kwa hiyo viache. Herufi S mbele ya namba kwa kawaida inaashiria chuma cha pua. Isiyo nayo ni chuma cha kawaida cha beringi: ziwani itakaa ikipata mafuta, baharini itageuka kutu kwa wiki. Na ya viwandani karibu kila mara huja imejaa grisi, kwa hiyo hata mpya inaanzia kwenye chupa ya asetoni.

Halafu kuna vyeo. Namba za ABEC, 1, 3, 5, 7 na 9, ni kipimo cha watengenezaji wa Marekani cha usahihi wa vipimo na mzunguko wa ringi. Hazisemi chochote kuhusu ubora wa chuma, wala mafuta, wala kutu. Beringi ya ABEC 7 yenye kishimo cha chumvi ni takataka yenye cheo. Kutoka 1 hadi 5 unanunua kitu. Kutoka 5 kwenda juu, kwenye fremu ya rili ambayo viti vyake havikukatwa kwa usahihi huo, unanunua maandishi.

Kauri nayo ina ukweli wake, ila si ule unaotangazwa. Zinazoitwa beringi za kauri kwa kawaida ni mchanganyiko: gololi za nitridi ya silikoni ndani ya ringi za chuma. Gololi hizo hazipati kutu, ni ngumu mno, na uzito wake uko chini ya nusu ya gololi za chuma za ukubwa ule ule. Inapendeza, mpaka ukumbuke kwamba gololi zote za beringi moja ya 623, za chuma, hazifiki robo gramu, na ziko karibu kabisa na mhimili, mahali ambapo uzito hauna la kusema. Spuli yenyewe na mshipi wake ni makumi ya gramu, mbali na mhimili. Ringi bado ni chuma, bado zinaoza baharini, na gololi ngumu kuliko ringi ikizungushwa kavu na punje ya mchanga, anayeumia ni ringi. Faida ya kweli ni kwamba zinavumilia mafuta kidogo sana bila kuungua, na hilo lina thamani kwa anayerusha vyambo vya gramu 5 na chini yake kwa spuli nyepesi isiyo na kina. Huyo anapigania kila chembe ya msuguano. Anayerusha chambo cha gramu 14 na zaidi kumfuata sangara, wepesi alioulipia mara kadhaa ya bei ya chuma ataurudisha wote kwenye breki, kwa sababu bila kukaza breki atapata tata. Na kelele ataongezewa bure.

Kama moja imeoza kwa chumvi, badilisha zote mbili; zilikuwa kwenye maji yale yale. Kama moja imeumizwa na nyundo, badilisha hiyo moja.

Ukishafunga rili, usirudi majini na marekebisho ya zamani. Spuli iliyokuwa inaburuta gundi ilikuwa na breki ambayo hukuijua, sasa imeondoka. Legeza kofia ya kukazia, ining'inize fimbo na chambo unachokitumia, kaza hadi chambo kishuke taratibu na spuli isimame pindi kinapogusa chini, kisha weka breki juu na uishushe hatua kwa hatua. Kwa wa baharini, kuosha rili baada ya safari kuwe kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka polepole huku dragi imekazwa. Mpira wa kuoshea gari unasukuma chumvi ndani hadi mahali ambapo haikuwa imefika.

Inabaki hali moja ambayo kuosha na kubadilisha vyote havifui dafu. Beringi mpya inaingia kwenye kiti chake bila kubana, ukiizungusha ringi ya nje nayo inazunguka ndani ya kiti. Aluminiamu ya ubavu imeliwa na chumvi. Utaona unga mweupe kwenye ukuta wa kiti, na pengine mfereji ambao beringi ya zamani iliuchimba ikiwa imekwama na spuli ikaendelea kuikokota. Kuna wanaozungushia karatasi ya alumini ya jikoni ili ibane. Inashika safari moja mbili, kisha spuli inaanza kutetemeka tena kwa sababu beringi haikai tena katikati. Kauri ya bei yoyote itatetemeka vile vile. Fedha iende kwenye ubavu mpya, na kabla ya kuutafuta angalia namba ndogo iliyochongwa chini ya mguu wa rili, kwa sababu mbavu za matoleo mawili ya jina moja mara nyingi haziingiliani.